Mtoto ni Majaaliwa, Ukweli ni Amana

Katika maswali yanayoulizwa kwa sauti ya chini baada ya sala, au nje ya kanisa pindi waumini wanapotawanyika, ni machache yanayoulizwa kwa haya kubwa kama swali la mume na mke waliokaa katika ndoa miaka mingi wasijaaliwe mtoto, nao wamesikia kwamba Dar es Salaam wako matabibu wanaoweza kulikutanisha yai la mke na mbegu ya mume nje ya mwili, kisha wakakirudisha kiinitete kilichopatikana katika mji wa mimba: je, kufanya hivyo ni kuitafuta riziki kwa mlango uliofunguliwa na Mola, au ni kushindana na kadari Yake? Swali hili lina mwenziwe, ambalo aghalabu halifiki midomoni kwa sababu mwenye kiu haulizi sana habari za kisima: ikiwa tiba hiyo ni halali, tabibu anayeitoa anawajibika nini mbele ya Mungu, na ni ahadi gani anayoruhusiwa kuitoa? Nakusudia kuyajibu maswali haya mawili pamoja, kwa kuwa naamini kwamba jawabu la swali la kwanza haliwezi kusimama bila ya jawabu la pili.

Nayaandika haya nikiwaweka mbele ya macho yangu watu wa Kongowe ya Kibaha, ambayo wasafiri wa Barabara ya Morogoro huipita baada ya Maili Moja wakielekea Mlandizi, na ambayo sharti itajwe pamoja na wilaya yake ili isichanganywe na Kongowe ya upande wa Mbagala. Ni nchi ya Wazaramo na jirani zao Wakwere, nchi ya minazi, mikorosho na mihogo, iliyoshikana na vilima vya Kisarawe kwa udugu wa ndoa za tangu mababu, ingawa leo wamo ndani yake watu wa kila kabila na kila dini waliokuja kutafuta viwanja mbali na msongamano wa mji. Katika mila ya wenyeji hao, binti aliyevunja ungo alipowekwa ndani kuwa mwali alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, na kichwa kilichochongwa vishungi juu yake. Mwali alikiosha kinyago hicho na kukipaka mafuta, akakitunza kama mama amtunzavyo mwanawe, kwa muradi kwamba mikono iliyozoea kuulea mti ije siku moja kuilea damu. Umbo hilohilo lilichongwa pia kwenye nguzo za makaburi ya wakubwa; basi tangu kizingiti cha ujana hata kaburini, uzazi uliwekwa kuwa alama ya mtu aliyetimia.

Mwenye kuufahamu msingi huo hatastaajabu kwamba kukosa mtoto, katika vijiji vyetu, ni msiba usio na tanga, maana hakuna siku watu watakapokuja kuketi mkekani kumpa pole aliyefikwa. Mwaka wa kwanza wa ndoa mawifi huuliza kwa utani. Miaka ikizidi utani huisha, na mama mkwe humwita mwanawe pembeni amweleze habari za binti wa fulani ambaye ameachika naye ana watoto wawili. Mke hupelekwa kwa shehe akanywa kombe, hupelekwa kwa mchungaji akawekewa mikono, hupelekwa kwa mganga akaogeshwa majani asiyoyajua, na katika safari zote hizo mume hakuombwa hata mara moja kwenda kupimwa. Hali matabibu wamekwisha kubainisha kwamba katika takriban nusu ya ndoa zenye shida ya uzazi, kasoro iko kwa mume peke yake au iko kwa wote wawili. Tena wamebainisha kwamba kwa wanawake wengi wa Afrika sababu kubwa ni mirija ya uzazi iliyoziba kwa makovu ya kisonono, ya klamidia, au ya uambukizo uliompata mtu baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, asitibiwe kwa wakati. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Aprili 2023 kwamba mtu 1 katika kila watu 6 duniani hupatwa na ugumu wa kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Msiba huu basi ni wa watu wengi, na wanaoubeba kwa siri katika mtaa mmoja huenda wakawa majirani wa ukuta kwa ukuta, kila mmoja akidhani ni peke yake.

Tiba tunayoizungumza haikushuka siku moja. Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, baada ya miaka mingi ya kazi ya Robert Edwards, mwanachuoni wa elimu ya uhai, Patrick Steptoe, tabibu wa maradhi ya wanawake, na Jean Purdy, muuguzi aliyegeuka kuwa mtaalamu wa maabara yao. Watu hao walinyimwa fedha na Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi yao mwaka 1971, wakalaumiwa magazetini na mimbarini, na mimba ya kwanza waliyoipata ilitunga nje ya mji wa mimba ikapotea. Edwards alitunukiwa nishani ya Nobel mwaka 2010, wenziwe wawili wakiwa wamekwisha kufariki. Tangu mwaka ule wa 1978 wamezaliwa kwa njia hiyo watoto zaidi ya milioni 10. Uganda ilimpata wa kwanza wake mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006, na hapa kwetu huduma hiyo imetolewa katika hospitali binafsi za Dar es Salaam, ikiwemo Kairuki katika kituo chake cha Bunju, na Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo imeingia katika safu hiyo.

Kwa kuwa wengi wanaoihukumu tiba hii hawajapata kuelezwa inavyofanywa, ni wajibu tuitazame kwa karibu. Mke huchomwa sindano za homoni kwa muda wa siku kumi hivi, ili mayai kadhaa yapevuke kwa pamoja mahali pa moja. Yakipevuka hunyonywa kwa sindano ndefu inayoongozwa na picha za mawimbi ya sauti. Kila yai, ambalo upana wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita, huwekwa katika kisahani chenye maji ya virutubisho pamoja na mbegu za mume, au mbegu moja hudungwa ndani yake kwa sindano nyembamba kuliko unywele, njia iliyotangazwa Brussels mwaka 1992. Kisahani hukaa katika kabati lenye joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili, na hewa iliyopimwa. Na mtaalamu akitazama kwa hadubini huona, siku ya pili, seli nne zimeshikana, siku ya tatu seli nane, na siku ya tano tufe dogo lenye uwazi ndani yake, ambalo ndilo hurudishwa kwa mama. Lakini katika kisahani hichohicho, chini ya joto lilelile na hewa ileile, viko viinitete vinavyosimama siku ya tatu visiendelee tena, wala hapana sababu inayoonekana. Anachoweza mtaalamu ni kuandaa joto, hewa na chakula. Kugawanyika kwenyewe hakupokei amri yake.

Hapo ndipo tunapoweza kulijibu pingamizi la wale wasemao kwamba mwenye kwenda maabara amekwenda kumpokonya Muumba kazi Yake. Qurani katika Sura ya Shura inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu huwajaalia awatakao wana wa kike, na awatakao wana wa kiume, na wengine huwachanganyia, na amtakaye humfanya tasa. Na mafundisho hayo hayakanushwi na kisahani tulichokieleza, bali yanathibitishwa nacho, kwa kuwa panapokusanyika sababu zote matokeo bado hayako mikononi mwa aliyezikusanya. Malaria nayo imo katika kadari, na hata hivyo hapana mama wa Kongowe anayemwacha mtoto wake na homa usiku kucha kwa hoja kwamba kumpeleka Hospitali ya Tumbi ni kukosa adabu mbele ya Mola. Sababu na aliyezisababisha hawagombani. Nabii Zakariya aliomba mtoto naye ni mzee na mkewe ni tasa, wala hakukemewa. Hana aliomba hekaluni kwa midomo isiyotoa sauti hata kuhani Eli akamdhania kuwa mlevi, naye akajibiwa dua yake. Kutamani mtoto basi si kufuru, na kumtafuta kwa njia njema ni katika tawakali yenyewe, maana tawakali ya kweli ni kufanya lililo katika uwezo wako kisha ukayakabidhi yasiyo katika uwezo wako kwa aliye na uwezo nayo. Panapoingia kosa ni pale anayetafuta anapogeuka kuwa anayedai, na anayesaidia anapogeuka kuwa anayeahidi.

Njia njema ni ipi? Juu ya hilo wanavyuoni wa dini hawakunyamaza. Shehe Jad al-Haq Ali Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980 kwamba kukutanisha yai na mbegu nje ya mwili ni halali pindi vyote viwili vitokapo kwa mume na mke wenye ndoa iliyo hai, na ni haramu akiingia mtu wa tatu, kwa mbegu, au kwa yai, au kwa kukopesha mji wake wa mimba. Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu lililokutana Amman mwezi wa Oktoba 1986 lilizichunguza njia saba, likazizuia tano na kuziruhusu mbili kwa dharura, zote mbili zikiwa ni zile zisizotoka nje ya ndoa. Na sababu yake kubwa ni kuhifadhi nasaba, ili mtoto ajue baba yake ni nani na mama yake ni nani. Kwa mafakihi wa Kishia baadhi ya milango imeachwa wazi zaidi. Kanisa Katoliki, katika waraka uliotolewa Vatikani mwaka 1987 na kutiliwa nguvu na mwingine wa mwaka 2008, halikuikubali njia hii hata kwa mume na mke, kwa kuwa linafundisha kwamba mwanzo wa mtu usitengwe na tendo la ndoa, na kwamba kiinitete kina heshima ya mtu tangu kutungwa kwake. Bali linawahimiza matabibu waitibu mirija na kuondoa vizuizi ili ndoa yenyewe izae. Sitaki kuzifanya hitilafu hizi kuwa ndogo, maana kila mmoja anayo dhamiri yake na viongozi wake. Lakini chini ya hitilafu hizo iko nguzo moja ambayo wote wameishika: mtoto ni kipawa, si bidhaa, na wala haifai mtu yeyote kuifanyia biashara huzuni ya wanaomtamani.

Nguzo hiyo ndiyo inayonileta katika kiini cha maneno yangu, nacho ni utafiti. Watu wengi huambiwa habari za tiba hii kama kwamba ni mlango: ukiwa na ufunguo wa fedha utafungua na mtoto utamkuta ndani. Hakika sivyo ilivyo. Hata katika nchi zilizoanza kazi hii mapema, kwa wanawake wasiofika miaka 35, kiinitete kimoja kikirudishwa hutokea mtoto hai mara moja hivi katika mara tatu. Na umri wa mama ukipita miaka 43, akitumia mayai yake mwenyewe, hubakia mara chache tu katika mia. Kwa sababu hiyo matabibu duniani hutafuta usiku na mchana namna ya kuyainua matokeo. Na katika kutafuta huko ndipo ilipo hatari, kwa kuwa mtu aliyeshindwa mara mbili atakubali kulipia chochote anachoambiwa kwamba kitasaidia mara ya tatu, na tabibu mwenye huruma, mbali na tabibu mwenye tamaa, aweza kwa nia safi kabisa kumwuzia kisichosaidia.

Uko mfano wa kweli ambao napenda kila mwenye kutafuta mtoto aujue. Mwaka 2003 ilitangazwa katika jarida la elimu kwamba ukuta wa mji wa mimba ukikwaruzwa kidogo kwa mrija mwembamba kabla ya kurudishiwa kiinitete, mimba hushika zaidi. Wazo lilipendeza, likaenea, na kliniki nyingi za dunia zikawakwaruza wanawake na kuwatoza fedha, nao wakavumilia maumivu kwa matumaini. Ndipo wakatokea watafiti, wakiongozwa kutoka Auckland, New Zealand, wakawaomba wanawake 1,364 wa nchi tano waridhie kugawanywa kwa kura: nusu wakwaruzwe, nusu wasikwaruzwe, kisha wahesabiwe watoto watakaozaliwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Katika wanawake 690 waliokwaruzwa walijifungua 180. Katika wanawake 674 ambao hawakukwaruzwa walijifungua 176. Ni asilimia 26.1 upande huu, na asilimia 26.1 upande ule. Maumivu yote yale na fedha zote zile hazikumleta mtoto hata mmoja ambaye asingekuja.

Baadhi ya watu huuona utafiti wa namna hii kuwa ni kazi ya hasara, kwa kuwa haukuleta dawa mpya. Mimi nauona kuwa ni katika kazi zenye adabu kubwa mbele ya Mungu zinazoweza kufanywa na mtu. Yatazameni yaliyomo ndani yake. Tabibu mwenye elimu, mwenye jina, aliyeamini labda kwa miaka kwamba mkwaruzo wake unafaa, anakubali kuuweka moyo wake kando na kuiachia kura iamue nani apate na nani asipate, kwa kuwa anajua kwamba nafsi yake humwonyesha anachotaka kukiona. Kura si jambo geni katika vitabu vyetu. Walipohitilafiana wacha Mungu juu ya nani amlee Maryamu, walipiga kura, na malezi yakamwangukia Zakariya, yule yule mzee asiyekuwa na mtoto, ambaye alimlea mtoto wa mwenziwe kwa uaminifu kabla ya kujaaliwa Yahya. Mitume nao walipomtafuta wa kushika nafasi iliyoachwa wazi na Yuda walipiga kura, ikamwangukia Mathiya. Katika visa vyote viwili kura ilikuwa ni njia ya mtu kukiri kwamba mapendeleo yake si mizani ya haki. Na mtafiti anayegawanya wagonjwa kwa kura, kwa ridhaa yao na baada ya kuwaeleza kila kitu, anakiri jambo hilohilo.

Watu wa Mkoa wa Pwani, zaidi ya wengine, hawana sababu ya kuuogopa utafiti uliofanywa kwa uaminifu. Bagamoyo, na Korogwe kule Tanga, zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa tangu mwaka 2009 hata 2014 kwa watoto 15,459. Akina mama wa pwani hii walikubali kwa hiari watoto wao waingizwe katika mgawanyo ambao wao wenyewe hawakuuchagua, na kwa ridhaa yao dunia ilipata kujua kwa yakini chanjo ile inakinga kiasi gani na haikingi kiasi gani. Kama jambo hilo lilifaa kwa malaria, kwa nini lisifae kwa tiba ya uzazi? Matokeo ya nchi za mbali yametufaa sana, lakini mwanamke wa Kongowe ambaye mirija yake imeziba kwa maradhi ya ujanani, na ambaye amefika hospitali akiwa na miaka 38 kwa sababu miaka kumi ya mwanzo ilikwisha kwa waganga, si sawa na wanawake waliohesabiwa huko. Naye ana haki ya kuhesabiwa kwake, ili atakayekuja baada yake aambiwe habari za watu walio mfano wake.

Lipo na jambo jingine ambalo utafiti umelifanya kwa ajili ya dhamiri, pengine bila ya kukusudia. Zamani matabibu waliwarudishia akina mama viinitete viwili, vitatu au zaidi kwa pamoja, wakitaraji kwamba kimoja hakitakosa kushika, na mapacha wakawa wengi. Pwani tunawapenda mapacha na kuwapigia vigelegele, lakini wakunga wanajua hatari zake: kuzaliwa njiti, kutoka damu kwa mama, na kifafa cha mimba. Mwaka 2004 watafiti wa Skandinavia walitangaza habari za wanawake 661 wasiofika miaka 36, waliogawanywa kwa kura: kundi moja lilirudishiwa viinitete viwili kwa mara moja, la pili kimoja, na kisiposhika kikafuatiwa na kimoja kilichogandishwa. Waliojifungua walikuwa asilimia 42.9 katika kundi la viwili na asilimia 38.8 katika kundi la kimoja kimoja. Lakini uzazi wa mapacha ulikuwa asilimia 33.1 kwa hao wa kwanza, na asilimia 0.8 tu kwa hao wa pili. Kwa tofauti ndogo ya matumaini, hatari kubwa iliondolewa.

Na hapa elimu inakutana na fikihi kwa namna inayonifurahisha. Baraza la Fikihi, lilipokutana Jidda mwezi wa Machi 1990, lilielekeza kwamba yarutubishwe mayai kwa kadiri ya yanayohitajika kurudishwa, ili visipatikane viinitete vya ziada ambavyo watu hawajui wavifanye nini. Na Wakatoliki, kwa njia yao, wamelia miaka mingi juu ya viinitete vilivyoachwa katika mitungi ya baridi bila mwenyewe. Kila utafiti unaowezesha kiinitete kimoja kutosha pale palipohitajika vitano, unapunguza idadi ya viumbe hao wanaongoja bila kungojewa. Basi kuiboresha tiba hii si kazi ya maabara peke yake. Ni kulipunguza fundo ambalo mafakihi na maaskofu wamelishika kwa mikono yenye kutetemeka.

Imebaki habari ya haki. Tiba hii kwetu hugharimu mamilioni ya shilingi kwa jaribio moja, na kwa mtu wa Kongowe mamilioni hayo maana yake ni kiwanja alichoachiwa na baba yake, au mikorosho iliyomsomesha. Mwenye kumwuzia mtu huyo jaribio bila ya kumwambia wazi kwamba huenda akarudi bila mtoto na bila kiwanja, amemdhulumu, hata kama sindano alizomchoma zilikuwa sahihi. Wako waliolitambua hilo: Willem Ombelet wa Genk, Ubelgiji, pamoja na wenziwe, walitengeneza njia ya kukuza kiinitete katika mirija miwili ya kioo iliyounganishwa, ambapo hewa inayohitajika hutokana na asidi ya limau na magadi yaliyochanganywa katika mrija mmoja, pasipo kabati la thamani kubwa, na watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa mwaka 2012. Utafiti wa namna hii ndio unaostahili kupewa fedha na serikali zetu kabla ya ule wa mapambo. Na juu ya yote hayo, kilicho rahisi kuliko vyote ni kinga: kisonono kikitibiwa mapema katika zahanati ya kijiji, na mkunga akiwa na mikono safi na dawa za kutosha, mirija mingi haitaziba, na wengi hawatahitaji kufika Dar es Salaam kamwe.

Hata hivyo, baada ya juhudi zote, watabaki ambao hawatapata. Kwa hao dini zote zina neno ambalo sisi wanadamu tumekuwa wepesi kulisahau. Mwenye kufanywa tasa na Mola hakufanywa mpungufu. Aisha, mama wa waumini, hakuzaa, na Waislamu wote huitwa wanawe. Kumlea yatima, pasipo kumfuta jina la baba yake, ni ibada iliyo wazi mbele ya kila ndoa, na Zakariya aliifanya kabla ya dua yake kujibiwa. Mwana hiti wa mababu zetu alifunza mikono kulea, na mikono iliyofunzwa kulea haikosi wa kulelewa katika nchi yenye watoto wengi wasio na wazee.

Basi hukumu yangu ni hii. Kumtafuta mtoto kwa mkono wa tabibu, katika mipaka ambayo dini ya mtu imeiweka, si kushindana na kadari. Kinachoshindana nayo ni ahadi ya uongo, kwa kuwa mwenye kuahidi mtoto amejitwalia lisilo lake. Tumaini ni halali, na kulipima tumaini ni wajibu. Ninyi mume na mke mnaoingia katika mlango wa kliniki, nendeni wote wawili mkapimwe, na kabla ya kutoa shilingi moja mwulizeni tabibu maswali haya: katika wanawake wa umri huu mliowatibu hapa, ni wangapi waliorudi nyumbani na mtoto mikononi? Hii nyongeza mnayoniuzia, imejaribiwa kwa kura, na matokeo yake ni nini? Nanyi matabibu, yaandikeni matokeo yenu yote, ya kufaulu na ya kushindwa, muyatangaze. Nanyi mashehe, mapadri na wachungaji, yasemeni haya mimbarini bila kuona haya, ili anayeulizwa nyumbani habari za mtoto asiwe mke peke yake.